Vioo vya Kitengela na Sitara ya Nyumba Zetu za Kale

Na Mwandishi Wetu

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, na hata Lamu na Unguja, kuna jambo ambalo limekuwa likitendeka kimya kimya kwa miaka mingi. Kioo cha rangi kilicho juu ya dirisha la ghorofani huvunjika. Mwenye nyumba hutafuta kingine cha kutia mahali pake asikipate madukani, akapigilia kipande cha mbao au cha bati. Baada ya mwaka huvunjika cha pili, kisha cha tatu. Mwishowe chumba huwa kiza mchana kutwa, vijana wa nyumba hawataki kukaa ndani yake, na siku ya siku hutokea mmoja akasema kwamba nyumba imekwisha, heri iuzwe, ivunjwe, ijengwe fleti.

Hivyo ndivyo nyumba nyingi za kale zinavyopotea. Aghalabu si kwa moto wala tetemeko la ardhi, bali ni kwa kukosa kioo kimoja, kigae kimoja cha paa, au debe moja la chokaa kwa wakati wake.

Dawa ya mojawapo ya maradhi hayo, yaani kiza, inapatikana mahali ambapo wengi wetu hatungepafikiria. Haiko bandarini wala ng'ambo. Iko bara, katika nchi ya Wamasai, wilaya ya zamani ya Kajiado ambayo leo ni kaunti. Huko, kwenye mbuga za Kitengela, vioo vya rangi hutengenezwa kwa mkono kutokana na taka za vioo.

MAGADI, CHOKAA NA MCHANGA

Kabla ya kufika katika karakana hizo, yafaa tukumbushane kioo ni kitu gani. Kioo cha kawaida, kile cha dirishani na cha chupa, huchanganywa kwa vitu vitatu vikuu: mchanga safi, magadi na mawe ya chokaa. Mchanga ndio mwili wake. Magadi huufanya mchanga uyeyuke kwa moto mdogo kuliko ambao ungehitajika peke yake. Chokaa nayo hukipa kioo uthabiti, kisiyeyuke kwa maji.

Kwa hiyo, katika vitu vitatu vya kioo, viwili ni wenyeji wa majumba yetu. Chokaa ndiyo iliyopaka kuta za babu zetu, na magadi ndiyo ambayo mama zetu hutia kidogo katika chungu cha maharagwe yapate kulainika. Tena magadi hayo yana nchi yake. Ziwa Magadi limo katika Kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Ilijengwa reli kutoka ziwani, ikapita mjini Kajiado, ikaungana na reli kuu ya Mombasa pale Konza. Kwa zaidi ya miaka mia magadi ya Kajiado yamekuwa yakiteremka hadi Kilindini, yakipakiwa melini na kupelekwa nchi za mbali, ambako viwanda vya vioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Huenda kioo kilichovunjika dirishani mwako kilipita bandarini mara mbili: mara ya kwanza kikiwa magadi, mara ya pili kikiwa kioo.

KARAKANA ZA MBUGANI

Mtu akisikia Kitengela, hukumbuka mji ulio kando ya barabara ya Namanga, uliokuwa kituo kidogo tu cha wafugaji na wachuuzi, na ambao kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000. Lakini karakana za vioo haziko mjini humo. Ziko upande wa pili wa mbuga, kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ng'ambo ya korongo la mto Mbagathi. Wageni wengi huzifikia kwa njia ya Ongata Rongai. Juu ya korongo hilo pana daraja la miguu linaloning'inia kwa kamba za chuma, na mwenye moyo mdogo hulivuka akisoma dua.

Aliyeanzisha kazi ya vioo mahali hapo ni Nani Croze, mchoraji mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, ambaye alihamia mbugani karibu na mwaka 1980. Alianza na vioo vya rangi vya madirisha, vipande vilivyounganishwa kwa tepe za risasi, kisha akaingia katika kazi ya kupamba kuta kwa vigae. Mapema katika miaka ya 1990 mwanawe, Anselm Croze, aliongeza kazi ya tanuri, yaani kuyeyusha kioo na kukipuliza kiwe bilauri, jagi, taa au sahani.

Jambo la kutia maanani ni mali ghafi yao. Hutumia vioo vya madirisha vilivyovunjika na mabaki yanayokatwa na mafundi wa mjini, vitu ambavyo pengine vingetupwa jalalani vikakata watoto miguu. Kioo kina sifa ambayo mbao haina: huweza kuyeyushwa tena na tena kisipoteze ubora wake, na kuyeyusha kioo kikuukuu huhitaji moto mdogo kuliko kukiumba kipya kutokana na mchanga. Hata tanuri huwashwa kwa mafuta yaliyokwisha kutumika.

Kazi yenyewe ni ya moto na subira. Kioo huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi mpaka kikawa kama asali nzito. Fundi huchota tonge kwa mwanzi mrefu wa chuma, akapuliza huku akiuzungusha mwanzi, maana akisita kidogo tu tonge hulegea likaenda upande. Kitu kikishakamilika hakiachwi kipoe ghafla. Hutiwa katika tanuri jingine la kupozea, joto likashushwa polepole kwa saa nyingi. Kioo kilichopoa kwa haraka huwa na ugomvi ndani yake, na siku moja hupasuka chenyewe bila ya kuguswa.

Vioo vya namna hii havilingani kimoja na kimoja. Vina mapovu madogo ya hewa, vina unene huku na wembamba kule. Mnunuzi aliyezoea vitu vya kiwandani huweza kuviona kuwa vina kasoro. Kwa nyumba ya kale, huo ndio uzuri wake, kwa sababu vioo vilivyovunjika madirishani mwetu navyo vingi vilikuwa hivyo hivyo, na kioo kipya kilichonyooka kabisa huonekana mgeni katikati ya wenzake.

USHANGA ULIPANDA, KIOO KINASHUKA

Msomaji wa pwani asidhani kwamba kupamba kwa kioo na vigae ni mambo ya kigeni aliyoletewa na wachoraji wa bara. Kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipambwa kwa bakuli za kaure za Kichina zilizopachikwa ukutani. Makaburi ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam nayo yana alama hizo hizo. Ndani ya nyumba za Lamu, zidaka za chokaa zilichongwa makusudi zipate kuwekwa kaure na vyombo vya thamani, mwanga mdogo unaoingia kutoka kiwandani ukaakisiwa na vyombo hivyo hadi ndani kabisa.

Ama vioo vya rangi vilikuja kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na vilishamiri katika karne ya 19, hasa katika majumba yaliyojengwa na mafundi wa Kihindi. Mfano mashuhuri uko Unguja, ile Zahanati ya Kale iliyo mbele ya bahari, iliyojengwa kati ya mwaka 1887 na 1894 kwa mali ya tajiri Tharia Topan. Roshani zake za mbao zilizochongwa na vioo vyake vya rangi vilikuwa katika hali ya kusikitisha mpaka jengo lilipotengenezwa upya katika miaka ya 1990 na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni. Na ndugu zetu wenye asili ya Yemen wanaijua qamariya, dirisha la nusu duara lililo juu ya dirisha kubwa, ambalo mafundi wa Sana'a hulichora kwa jasi na kulijaza vipande vya vioo vya rangi. Misikiti mikubwa ya Istanbul na Kuba la Mwamba kule Baitul Maqdis zina madirisha ya jamii hiyo hiyo.

Tena kuna jambo jingine. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Mombasa na Pangani kuelekea nchi ya Wamasai ikiwa imebeba ushanga wa kioo na nyaya za chuma, ili ibadilishane na pembe za ndovu. Wakati huo kioo kilikuwa kikipanda kutoka pwani kwenda bara. Leo kinashuka kutoka Umasaini kuja pwani, na mwenye kukinunua hafanyi jambo la aibu wala la kuiga. Anaendeleza biashara ya wazee wake, ila imegeuza njia.

KWANZA UKUTA, NDIPO PAMBO

Hata hivyo, kabla ya mtu kutoa shilingi yake kununua kioo, sharti auangalie ukuta. Kupamba nyumba inayoumwa ni sawa na kumpaka hina mgonjwa wa homa: hupendeza, lakini homa iko pale pale.

Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya Lamu havizidi mita 3 hivi kwa upana, ijapokuwa ni virefu. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, kisha huutoa polepole kupitia chokaa. Mtu akiupiga plasta ya saruji kwa kudhani kuwa anautia nguvu, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji na kuibambua vipande vipande, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huanza kuoza pasipo mtu kuona. Dalili ya kwanza ni mabaka ya unyevu yanayorudi kila baada ya kupaka rangi. Dalili ya mwisho ni dari kuanguka.

Dawa yake ni ya zamani na si ghali: chokaa iliyozimwa vizuri ikakaa chini ya maji kwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga usio na chumvi, ipakwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka ikingwe na jua kali ipate kukauka polepole. Fundi avae kinga ya macho, kwani chokaa inaunguza.

Kwa wale wa pwani ambao riziki imewapeleka kuishi Kitengela, au kufanya kazi viwandani Athi River, maradhi ni mengine. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa miaka ishirini au thelathini iliyopita bila ya kuchimbiwa msingi hadi kwenye mwamba au ardhi ngumu hupasuka kuta, hasa kwenye pembe za milango na madirisha. Kuziba ufa huo kwa plasta na kupaka rangi ni kazi bure ikiwa ukuta ungali ukitembea.

Mafundi wa zamani wana njia rahisi ya kuujua ufa. Huchukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kiganja, wakakigandisha kwa saruji pande zote mbili za ufa, na kando yake wakaandika tarehe. Kipande kikikaa mwaka mzima, masika na kiangazi, pasipo kukatika, ufa umelala na unaweza kuzibwa. Kikikatika, ukuta ungali ukienda, na aitwe mhandisi. Wakati huo huo maji yaondolewe karibu na msingi: paa litiwe mifereji, kandokando ya nyumba pasakafiwe kwa mteremko wa kutoka nje, na mikaratusi isipandwe ubavuni mwa nyumba.

NURU NA SITARA

Baada ya ukuta kupona, tunaweza kuzungumza juu ya dirisha. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa sababu nyumba ya Mswahili ilijengwa kwa kanuni mbili zinazoshindana: inataka nuru na upepo, na inataka sitara. Daka la mlangoni, pembe ya ukumbi inayozuia jicho la mpita njia, kiwanda cha katikati, yote yaliwekwa ili watu wa ndani wapate hewa na mwanga wasionekane na wa nje.

Nyumba za siku hizi zimeacha kanuni hiyo. Hutiwa kioo kikubwa cheupe mbele, kisha mwenye nyumba, akiona kwamba jirani anamwangalia akila, hutundika pazia zito asilifungue tena mchana wala usiku. Mwisho wake amelipia kioo kikubwa na bado anawasha taa saa nne za asubuhi.

Kioo cha rangi, au kioo kizito chenye mapovu na mikunjo, hutatua ugomvi huo. Mwanga hupita, jicho halipiti. Chumba cha wanawake, ngazi, choo, ukumbi unaotazama kichochoro, vyote vyaweza kupata nuru bila ya pazia. Karakana za Kitengela hutengeneza pia mapande manene ya kioo, unene wa inchi moja hivi, ambayo huvunjwa kwa nyundo maalumu na kupangwa ndani ya zege, yakawa ni ukuta na dirisha kwa pamoja. Kwa ukuta wa ua unaotazamana na jirani, hakuna ufundi unaofaa zaidi.

Lakini kuna mambo matatu ambayo mwenye nyumba yampasa ayajue kabla ya kutoa oda.

La kwanza, sitara ya kioo hugeuka usiku. Mchana nje kuna mwanga kuliko ndani, na wa nje haoni kitu. Usiku taa ikiwashwa ndani, kivuli cha mtu huonekana dirishani. Kioo chenye mikunjo hupunguza kivuli, lakini katika chumba cha kulala pazia jepesi la usiku halina budi kuwepo.

La pili, kioo kisichofunguka huzuia upepo. Pwani, nyumba hupoa kwa kaskazi na kusi, na mwenye kuziba dirisha zima kwa kioo hujitafutia jasho. Wazee walitia kioo cha rangi juu tu, katika nusu duara au katika safu ya juu ya dirisha, na chini wakaacha mbao za luva za kupitisha upepo. Tuufuate mpango wao. Kitengela mambo ni kinyume, kwa kuwa usiku wake una baridi, hasa Juni na Julai, na kiangazi huwa na vumbi. Huko kioo kinaweza kujaza dirisha kubwa zaidi, maadamu sehemu moja inafunguka.

La tatu, chumvi ya bahari hula chuma. Vioo vishikwe kwa vijiti vya mbao ya msaji au mvule na skrubu za shaba, si misumari ya kawaida ambayo huota kutu, ikavimba na kukipasua kioo. Tena kila upande iachwe nafasi ya milimita 3 hivi, kwani mbao huvimba wakati wa unyevu, na kioo kisipopata pa kupumua ndicho kitakachoshindwa.

RANGI NA JUA

Uchaguzi wa rangi nao una akili yake. Dirisha linaloelekea magharibi, ambalo hupigwa na jua kali la alasiri, hupendeza kwa buluu na kijani, rangi ambazo humtuliza aliyemo ndani. Dirisha la kaskazini au la kusini, lisilopata jua moja kwa moja kwa miezi kadhaa ya mwaka, huchangamshwa na rangi ya asali na manjano. Nyekundu itiwe kama pilipili, kidogo tu. Chumba kilichojaa kioo chekundu huchosha macho, na sura za watu humo huonekana kama za wagonjwa.

Mahali pa kusomea Kurani au vitabu paachiwe kioo cheupe. Na upande wa kibla, iwapo chumba huswaliwa, usiwekwe pambo lenye mchezo mwingi wa rangi, kwani mwenye kuswali hufaa asishughulishwe na kitu kilicho mbele yake.

Hapa pana jambo jingine la kwetu. Kazi nyingi za karakana za Kitengela zina sura za wanyama na watu, kwa kuwa wenyewe wanaishi kati ya twiga na pundamilia na ni wachoraji. Muislamu hana haja ya kununua sura hizo. Kioo hukatwa kwa oda, na fundi hufuata kiolezo atakachopewa. Mapambo yetu ni hazina ya kutosha: nyota za pembe nane, mizabibu na mayungiyungi ya milango ya Lamu, minyororo ya milango ya Unguja, na nakshi za zidaka. Mwenye nyumba achore kwa karatasi ngumu ukubwa sawasawa na uwazi wa dirisha, nusu duara kwa nusu duara, kwani madirisha ya kale hayafanani hata katika ukuta mmoja, na vipimo vya utepe peke yake vimewapotosha wengi.

VIGAE NA ZIDAKA

Asiye na uwezo wa dirisha anaweza kuanza na vigae. Kila nyumba ya kale ina sahani za kaure zilizovunjika na vikombe vilivyokatika mikono, ambavyo bibi amekataa kuvitupa. Vipande hivyo, pamoja na vipande vya kioo vya Kitengela, hupamba baraza, birika la bafuni, kingo za ngazi au ukuta nyuma ya jiko. Makali yasuguliwe kwa jiwe la kunolea kabla ya kupachikwa. Ila visitiwe sakafuni, kwani nyumba zetu ni za watu wanaovua viatu mlangoni, na kipande kimoja kilichoinuka ni jeraha la mtoto.

Ama zidaka, aliye na za asili asizizibe kwa hali yoyote. Taa ndogo ya kioo cha kupulizwa, yenye balbu ya LED isiyotoa joto kali, ikiwekwa katika kidaka kimoja kati ya vitatu, hurudisha ule mwanga uliokuwa ukitolewa na kaure. Mwenye nyumba ya kisasa Kitengela anayetamani zidaka asiuchimbe ukuta wake, ambao mara nyingi ni wa jiwe moja tu na ndio unaobeba nyumba. Afadhali ajengewe kwa nje ya ukuta, kina cha shubiri moja, apakwe chokaa.

SAFARI YA KIOO

Wengi huogopa kuvunjikiwa njiani. Kanuni ni moja: kioo bapa husafiri kimesimama wala hakilazwi. Kikisimama kwa ubavu wake hustahimili mishindo. Kikilazwa hukatika katikati kwa uzito wake. Kifungwe katika sanduku la mbao, kati ya kioo na kioo patiwe magazeti au makumbi ya nazi, na juu ya sanduku paandikwe upande unaotakiwa kuwa juu.

NYUMBA YA WARITHI

Yote yaliyotangulia ni mepesi kuliko hili la mwisho. Nyumba nyingi za kale ni za urithi au za wakfu. Warithi ni kumi na wawili, watatu wako Maskati, wawili London, mmoja Kitengela, na aliyebaki ndani ni shangazi mjane asiye na uwezo wa kutengeneza hata mlango. Kila mmoja humngoja mwenzake. Wakati huo mvua haingoji mtu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la fahari la Unguja lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Ikiwa jumba la namna ile, lililo katika mji ulioandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, laweza kushindwa na miaka ya kungojewa, nyumba ya shangazi itasalimika vipi?

Basi warithi na wakutane, hata kwa simu. Waandike ni nani ana fungu gani, wachague mmoja wa kusimamia, na kila mmoja atoe kidogo kila mwezi kwa ajili ya paa na kuta, ndipo madirisha yafuate. Nyumba ikiwa ni ya wakfu, aulizwe msimamizi wake, na Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa ipo kwa mambo hayo. Na yeyote mwenye nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu asiguse dirisha wala roshani kabla ya kuwaona maofisa wa Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa miji hiyo inalindwa na sheria, na pia kwa kuwa maofisa hao wanawajua mafundi wa chokaa waliobaki.

Haihitajiki nyumba nzima kutengenezwa kwa mwaka mmoja. Dirisha moja lililotiwa kioo chake, katika chumba kimoja ambacho ukuta wake umepona, latosha kumrudisha kijana mmoja akakaa ndani yake. Nyumba yenye mtu ndani yake hufagiliwa, huonekana inapovuja, na huzibwa mapema. Iliyo tupu huanguka, hata iwe imejengwa na mfalme.